Ntirampeba Alichagua Kusoma

Mwalimu Matiasi wa Rulenge alikuwa na mtindo wake wa kufungua darasa. Aliwapanga wanafunzi nje ya banda la turubai, wazee kwa vijana, wote Warundi wa kambi ya wakimbizi, akawauliza kwa Kihangaza, lugha ambayo Mrundi hahitaji kufundishwa: nani anataka kuanza na kusema Kiswahili, na nani anataka kuanza na kusoma? Wa kusema wakae kushoto, wa kusoma kulia. Alikuwa mwalimu mmoja mwenye ubao mmoja na chaki za kuombaomba, hivyo kila kundi lingepata siku zake, na aliyechagua amechagua.

Upande wa kushoto ulijaa papo hapo. Walikwenda akina mama wanaouza chumvi na nyanya sokoni, wakaenda vijana wanaotafuta vibarua, na Véronique, mke wa Ntirampeba, alikuwa ameshakaa kabla hata swali halijaisha. Kwizera, mtoto wa kaka yake Ntirampeba, alimfuata mama yake mdogo. Ntirampeba aliwatazama wote hao, akakaza mkanda wa suruali yake, akaenda kulia. Huko alimkuta babu mmoja kiziwi, ambaye kwa hali yake hakuwa na la kuchagua.

Watu walicheka. Ntirampeba hakucheka. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito iliyotulia, na kwao Burundi alikuwa msaidizi wa katekista, kwa hiyo kusoma Kirundi alikujua tangu utotoni. Kiswahili cha mdomoni alikidharau kwa moyo wake wote. Na hapo msimcheke bure, maana Burundi nzima iko hivyo: ukimwita mtu Mswahili hukumsifu, umemwambia kwamba ni mjanja, ni mwongo, ni mtu wa kuchunga mfuko wako akiwa karibu. Ntirampeba alikuwa akisema kwamba Kiswahili kilichoandikwa kina heshima yake, kimo katika Injili na katika matangazo ya serikali. Hiki cha kubwabwajwa sokoni alisema ni cha wezi.

Hiyo ilikuwa sababu ya kuwaambia watu. Sababu ya ndani ilikuwa na damu.

Mwaka wa tisini na tatu, rais wa nchi yao alipouawa na vilima vikageukiana, kaka yake Ndikuriyo alikaa kwenye pombe ya ndizi akasema kile alichokuwa akikifikiri. Ilikuwa sentensi moja tu, na waliomsikia walikuwa majirani. Asubuhi yake majirani hao walikuja na mapanga na mikuki. Walimkata mlangoni kwake, kwanza mikono, ili asiushike mlango, kisha wakaingia ndani kwa mkewe. Kwizera, aliyekuwa na miaka kumi na minne, walimkata paja wakamwacha wakidhani amekwisha. Ntirampeba alimtoa chini ya maiti ya mama yake, akamfunga jeraha kwa shati, akambeba mgongoni hadi mto Ruvubu na ng'ambo ya Ruvubu, damu ya kijana ikimtiririkia kiunoni njia nzima. Alipomtua upande wa Tanzania aliapa kwa jina la marehemu kwamba huyu hatakufa mkononi mwa mtu, mimi nikiwa hai. Hakuwa mtu wa viapo. Hicho alikiapa, na tangu siku hiyo hakuwa na kazi nyingine duniani.

Basi aliamini kwamba mdomo ndio uliomuua Ndikuriyo. Waliokuja kuua kwao walikuja na maneno yao na kelele zao, hawakuja na karatasi. Penye karatasi, alifikiri Ntirampeba, pana serikali, pana kanisa, pana utaratibu, na mtu hakatwi mkono penye utaratibu.

Akasoma. Herufi za Kiswahili ni zile zile za Kirundi, na baada ya miezi michache hapakuwa na kitu kilichoandikwa ambacho Ntirampeba hakuweza kukisoma kwa sauti, akipumzika panapotakiwa na kushuka panapotakiwa, kama padri wa mjini. Maana ndiyo hakuwa nayo. Alidaka neno hapa na pale, yale yanayofanana na ya kwao na yale ya sala. Mengine yalipita kinywani mwake yakaenda zao. Matiasi alimweleza hivyo waziwazi, akamsihi ahamie kushoto hata kwa mwezi mmoja. Ntirampeba alimjibu kwamba sauti imeshatangulia, maana itafuata yenyewe.

Na kwa miaka kadhaa hakuna kilichomuumbua. Mashamba aliyokwenda kulima kwa kujificha, maana mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini, yalikuwa ya Wahangaza wa Kasulo. Yeye alisalimia kwa Kirundi, wao wakaitikia kwa Kihangaza, na jembe likaelewa vyote viwili. Kiswahili alikitoa Jumapili tu, kanisani kambini, akakisoma kwa heshima zote na kukirudisha kitabuni.

Kisha mgawo wa mahindi ukapunguzwa, ukapunguzwa tena. Wakati huo huo majambazi walikuwa wameingia kwenye misitu, wengine na bunduki, na kila walipoua mtu barabarani lawama ilirudi kambini. Wenyeji wa Kasulo waliowahi kumpa Ntirampeba togwa shambani walianza kumfukuza kwa mbwa. Ikabidi kwenda mbali, kuuvuka msitu hadi Biharamulo, kwenye mashamba ya pamba ya Wasukuma, ambako palizi ilikuwa ikitafuta mikono.

Wakati huo Véronique alikuwa anakisema Kiswahili kiasi cha kugombana nacho. Alimwambia mumewe kwamba na yeye atakwenda, binti yao Iradukunda atakaa kwa jirani.

“Huko si kwa Wahangaza, baba Iradukunda,” alisema. “Kirundi chako kitaishia msituni. Nichukue niwe mdomo wenu.”

“Mdomo tunao,” Ntirampeba akasema, akimwonyesha Kwizera kwa kidevu. “Na mimi nasoma.”

“Na Kwizera akikamatwa?”

Ntirampeba alifunga jembe lake kwenye gunia, akamwambia Kwizera watoke. Walipita msituni kwa miguu, mbali kidogo na barabara, wakiyaona mabasi yamepangana yakisubiri askari wa kuyasindikiza. Mahali fulani walikuta lori lililoungua, na kando yake kiatu kimoja cha mwanamke kilichojaa nzi. Kwizera, ambaye alikuwa ameshakuwa kijana wa miraba minne, alimshika baba yake mdogo mkono kama siku ile ya Ruvubu, na Ntirampeba hakuuondoa.

Kazi waliipata kwa Novatus. Huyu alikuwa Msubi aliyeoa kwa Wasukuma akahamia kijijini kwao, na Kisubi hakiko mbali na Kirundi, hivyo yeye na Ntirampeba waliongea siku ya kwanza mpaka ugali ukapoa. Katika kijiji kile kizima Novatus alikuwa mtu pekee ambaye Ntirampeba aliweza kumwambia jambo. Alikuwa pia msimamizi wa kigango chao, kanisa dogo la Kikatoliki, na katibu wa sungusungu, yaani lile jeshi la wanakijiji lenye pinde, filimbi na sheria zake lenyewe.

Jumapili moja Novatus alikaukiwa na sauti kwa mafua. Akamkabidhi Ntirampeba kitabu cha masomo, kwa utani zaidi kuliko kwa haja. Ntirampeba alisimama akasoma, na kigango kikatulia. Baada ya ibada Malongo, kiongozi wa sungusungu, mzee mfupi mwenye mabega mapana, alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Wanawake walimletea viazi na karanga. Tangu siku hiyo akawa ndiye msomaji, na watoto wakamwita Mwalimu, na hakuna aliyemwita mkimbizi.

Walishangaa tu kwamba huyu msomi mkubwa haongei. Alikuwa na shikamoo yake, marahaba yake, ndiyo mzee na asante, basi. Ukimuuliza zaidi alimgeukia Kwizera, na Kwizera akajibu kwa niaba yake, kwa Kiswahili kizuri cha darasa la kushoto. Wasukuma waliona hilo linapendeza, mtu mzito kuwa na kijana wa kumsemea. Novatus ndiye aliyeujua ukweli. Alicheka hadi akakohoa, lakini siri aliitunza.

Kwizera hakucheka.

“Baba mdogo, waambie hujui,” alimwambia siku moja wakiwa kwenye mistari ya pamba. “Au niruhusu niwaambie mimi.”

“Wanatuheshimu, Kwizera.”

“Watatuheshimu hata tukisema.”

“Wakijua, tutarudi kuwa wakimbizi,” Ntirampeba akasema, akainama akaendelea kupalilia.

Hapo alikosea, na mimi sitampamba. Angeweza kukaa jioni na kijana akajifunza maneno kumi kwa siku, na Kwizera alikuwa tayari kumfundisha. Alichagua viazi na mikono ya Malongo.

Asubuhi ya siku yenyewe kulikuwa na ukungu wa baridi. Novatus alikuwa anatoka na baiskeli kwenda mjini Biharamulo kutafuta dawa ya wadudu wa pamba. Alimwona Kwizera anatetemeka shambani, akavua koti lake la kaki, lile lenye kiraka cha ngozi begani ambalo kila mtu pale kijijini alilijua, akamrushia. Akamwambia Ntirampeba kwa Kisubi kwamba atalichukua jioni, yeye mlima wa mbele utampasha joto. Akapanda baiskeli. Ntirampeba na Kwizera walipalilia kutwa nzima, bega kwa bega, na kwa sababu walikuwa wawili tu Kwizera aliimba nyimbo za kwao.

Jua lilipoanza kuinama Ntirampeba alishuka bondeni kuosha majembe. Huko ndiko alikosikia mwano. Mwano ni yowe la Wasukuma, na likipigwa kila mwanamume huacha alichoshika akachukua upinde. Hakujua ni wa nini. Aliendelea kuosha majembe.

Walikuwa wamemkuta Novatus kwenye ukingo wa msitu. Majambazi walimfunga mikono kwa mpira wa tairi la baiskeli yake, wakampiga risasi ya tumbo, kisha wakammalizia kwa kitako cha bunduki, usoni, mpaka mkewe alimtambua kwa miguu. Alikuwa na shati tu. Baiskeli haikuwepo. Waliombeba kumrudisha nyumbani walipita kando ya shamba lake, na shambani wakamwona Mrundi amesimama, amevaa koti la maiti waliyoibeba.

Kwizera aliwaeleza. Aliwaeleza vizuri kabisa, kwamba koti alipewa asubuhi kwa ajili ya baridi, kwamba hajatoka shambani, kwamba wamuulize baba yake mdogo ambaye alikuwepo na aliona yote. Katikati ya maneno hayo mtu mmoja alimpiga rungu la taya. Taya likavunjika, likaning'inia, na Kiswahili kizuri kikaishia hapo. Walimburuta hadi kiwanja cha ghala la pamba wakimpiga mateke kila hatua, na wangemmaliza palepale kama Malongo hakufika.

Malongo alikuwa mtu wa haki, kwa kadiri alivyoijua. Aliwaambia kijana ametaja shahidi, na sheria yao inasema shahidi aitwe. Sheria yao ilisema pia kwamba anayeshtaki hasomi mashtaka kwa kinywa chake. Husomwa na katibu, ili hasira ya mmoja isiwe sauti ya kijiji. Katibu, Novatus mwenyewe, alikuwa amelazwa juu ya mlango uliong'olewa pembeni ya kiwanja, kanga usoni. Malongo akaandika mwenyewe, polepole, karatasi ikiwa juu ya goti. Alipomaliza aliona kwamba msomaji anayefaa ni mmoja tu, na aliona hata kwamba hiyo ndiyo haki zaidi: baba mdogo wa watu hatasomewa neno asilolijua, ataliona kwa macho yake mwenyewe kisha atajibu.

Ntirampeba alirudi shambani akakuta jembe la Kwizera limelala, na damu juu ya majani ya pamba. Alikimbilia kelele. Kiwanjani watu walimpisha. Aliona kanga iliyomfunika Novatus, na miguu. Alimwona Kwizera amepiga magoti, mikono nyuma, jicho moja limefumba, mdomo umekaa pasipo pake. Kabla hajapiga hatua nyingine Malongo alimshika bega, kwa upole, akampa karatasi.

Na ile karatasi ilimtuliza. Lazima niseme hivyo ingawa inaniuma. Aliiona akafikiri, kumbe pana utaratibu. Waliomuua Ndikuriyo hawakuwa na karatasi. Hawa wanataka iandikwe, isomwe, watu wasikie, na wamemchagua yeye kwa sababu wanamheshimu. Akaamua kwamba atasoma kuliko alivyowahi kusoma, waipende sauti yake, wamhurumie mtoto wake kwa ajili ya sauti hiyo. Akasafisha koo. Akasoma:

“Kwizera, Mrundi, amekamatwa na koti la marehemu. Anasema alipewa. Anasema siku nzima alikuwa shambani na baba yake mdogo. Tunamwita mtu huyo aseme mbele ya watu, na akisema ni kweli tutamwamini, kwa sababu ni mtu wa kanisa. Asiposema kitu, kijana amesema uongo, na sheria ya kijiji ifuate.”

Alilijua jina la Kwizera, akalisoma kwa upendo. Alilijua neno kanisa, na alipofika hapo sauti yake ilipata nguvu, kwa sababu penye kanisa pana rehema. Pale paliposema mtu huyo aitwe, Kwizera aliinua kichwa. Lile jicho moja lilimtazama baba yake mdogo likangoja. Ntirampeba aliliona jicho, akadhani kijana anamsifu, akaendelea mpaka mwisho bila kukosea hata kituo.

“Umesoma mwenyewe,” Malongo akamwambia. “Una la kusema?”

Ntirampeba akamrudishia karatasi kwa mikono miwili. “Asante, mzee.”

Watu wakaguna. Malongo akamsogelea, akamtazama usoni, akamuuliza tena, taratibu, kama anavyoulizwa mtu aliyechanganyikiwa na msiba: je, ulikuwa na kijana huyu, ndiyo au hapana, useme watu wasikie. Ntirampeba alijua ameulizwa jambo. Akafanya kile alichokuwa akifanya siku zote akiulizwa jambo. Alimgeukia Kwizera amjibie.

Kiwanja kizima kilimwona mtu wa kanisa anageuza uso wake na kumwachia kijana mzigo wake. Kwizera alifungua mdomo, ikatoka damu na sauti isiyo na neno. Malongo akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa.

Rungu la kwanza lilimpata Kwizera kisogoni. Akaanguka kifudifudi, wakamgeuza, maana walitaka aone. Walitumia marungu, walitumia mawe ya kupimia pamba, mwanamke mmoja alitumia mchi. Ntirampeba alijirusha juu yake akipiga kelele kwa Kirundi, akayasema yote, koti, ukungu, kutwa nzima bega kwa bega, nyimbo alizoimba, Ruvubu, kiapo. Aliyasema vizuri na kwa ufasaha na hakuna aliyeelewa hata moja. Mtu pekee ambaye angeelewa alikuwa amelala juu ya mlango. Walimvuta pembeni, na alipong'ang'ania wakamvunja mkono wa kulia juu ya kiwiko kwa pigo moja. Akiwa ameshikwa na wanaume wawili alisikia mifupa ya mtoto wa kaka yake inavunjwa mmoja mmoja, na jua lilikuwa bado lipo, na ndama wa mtu walikuwa wanapita kurudi nyumbani. Kwizera hakufa upesi. Alikuwa kijana mwenye nguvu.

Polisi walikuja kesho yake wakaondoka na maiti mbili kwenye gari moja. Ntirampeba alirudi kambini kwa miguu, mkono umefungwa kwa mkanda. Véronique aliposikia yote alimuuliza ile karatasi ilisema nini. Ntirampeba alikuwa anaikumbuka, kila neno kwa mpangilio wake, kwa kuwa msomaji mzuri hukumbuka. Akaikariri. Mkewe akamtafsiria, kipande kwa kipande, na hapo ndipo Ntirampeba alipojua alichokisoma.

“Walisema wangekuamini,” Véronique akasema. “Walikuwa wanataka maneno matatu kutoka kwako.”

Kisha akampiga. Alimpiga kifuani na usoni kwa ngumi mpaka majirani wakaja kumshika, na Ntirampeba hakuinua ule mkono mzima kujikinga.

Mfupa ulipoanza kuunga alikwenda kwa Matiasi, akapita upande wa kulia bila kuutazama, akakaa kushoto katikati ya akina mama. Matiasi alitaka kuanza naye kwenye salamu. Ntirampeba alikataa. Alimweleza kwa Kirundi sentensi anazozitaka, akafundishwa hizo, akawa anazisema mchana kutwa, kwa wauza chumvi, kwa walinzi wa kambi, kwa watoto waliokuwa wakimkimbia. Novatus alimpa koti mwenyewe. Kwizera alikuwa na mimi. Alizisema mpaka zikakaa mdomoni pasipo kuzitafuta.

Na kila jioni, kwa mkono wa kushoto, alinoa panga.

Véronique aliviona vyote viwili. Alimuuliza anakwenda kusema au kuua. Ntirampeba akamjibu kwamba kwanza atasema. Wakati huo habari zilikuwa zimeshafika kwamba polisi wamewakamata majambazi mbali huko, na baiskeli ya Novatus imekutwa kwao, na kijiji kizima cha Malongo kinajua kimemuua nani. Alitaka Malongo alisikie neno kutoka kinywani mwake, alielewe, na ndipo afe. Alitaka afe akiwa ameelewa. Alilifunga panga kwenye gunia lile lile la jembe, akauvuka msitu peke yake.

Alimkuta Malongo amekaa kwenye kigogo mbele ya nyumba yake, akipukuchua mahindi, mabega yale mapana yameshuka. Malongo alimtambua akiwa mbali. Hakuita mtu wala hakupuliza filimbi. Alimsogezea kigoda. Ntirampeba hakukaa. Alisimama na gunia kwapani, mkono wa kushoto umeshaingia ndani na kushika mpini, akasema bila shikamoo:

“Novatus alimpa koti mwenyewe. Kwizera alikuwa na mimi. Siku nzima alikuwa na mimi.”

Alizisema sawasawa, kwa ile sauti yake nzito, na kila neno alilijua lilikuwa na maana gani. Malongo aliacha mahindi. Macho yake yalijaa machozi, na Ntirampeba aliona kwamba amesikia na ameelewa, na mkono wake ukaanza kutoka na mpini.

“Tulikuuliza,” Malongo akasema. “Mbele ya watu wote, mara mbili. Mbona hukusema?”

Matiasi hakuwa amemfundisha jibu la swali hilo. Lakini swali lenyewe Ntirampeba alilielewa lote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila Kwizera. Mkono wake ulirudi ndani ya gunia, vidole vikafunguka kimoja kimoja, panga likalala. Midomo yake ilicheza ikitafuta. Akageuza uso pembeni, upande wa kushoto, pale kijana alipokuwa akisimama siku zote, amjibie.